Sanduku la kaseti za muziki wa kielektroniki Malindi: nitajuaje toleo halisi, na Lamu nizihifadhi vipi?

mwana_langoni (Lamu)

Assalaam alaykum wadau.

Kuna Mtaliano Malindi anafunga nyumba, anauza sanduku zima la kaseti na hataki kuuza moja moja. Ni sitini na kitu, nyingi muziki wa kielektroniki wa miaka ya 70 na 80. Kwenye picha alizotuma naona Kraftwerk mbili za albamu ileile, moja imeandikwa The Man-Machine na nyingine Die Mensch-Maschine. Kuna Oxygène ya Jean-Michel Jarre, Depeche Mode tatu, Yellow Magic Orchestra yenye maandishi ya Kijapani, na Tangerine Dream ambayo kava yake ni kama fotokopi na upande B una nyimbo ambazo hazimo kwenye albamu. Baadhi zina weupe fulani kwenye ukingo wa utepe, unaonekana kupitia dirisha. Moja pedi yake imebanduka, inachezacheza ndani.

Naomba wajuzi: nikifika pale nitazame nini hasa kujua nchi na mwaka wa toleo? Toleo la nje lina tofauti ya maana au ni kava tu? Na nikizivusha hadi Lamu kwa hewa hii ya chumvi, zitadumu?

msomakava (Malindi)

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Hizo Kraftwerk mbili ndizo zenye jambo, nianze nazo. Albamu ile ilitoka 1978 kwa lugha mbili. Die Mensch-Maschine ni ya soko la Ujerumani na imeimbwa Kijerumani: utaona "Die Roboter", "Das Modell", "Neonlicht". The Man-Machine ni ya Kiingereza, nayo ndiyo iliyosambazwa kwingineko, Italia ikiwemo. Muziki ni uleule, kuimba ndiko kunakotofautiana. Ni hivyohivyo kwa Trans-Europe Express ya 1977 na Computer World ya 1981, ambayo Kijerumani chake ni Computerwelt. Lakini Autobahn ya 1974 ni Kijerumani kila mahali, kwa hiyo mtu asikupandishie bei ya Autobahn kwa kisingizio cha lugha.

Jarre ni kinyume chake. Oxygène haina maneno. Ilitoka Ufaransa mwishoni mwa 1976 kwa lebo ya Disques Motors, kisha 1977 Polydor ikaipeleka nchi nyingine. Ukipata ya lebo ile ya Kifaransa, sawa, mkusanyaji ana sababu ya kuitaka. Za Polydor, ziwe za Italia, Ujerumani au Uholanzi, unalipia karatasi tu. Singeongeza hata shilingi.

Depeche Mode soma orodha ya nyimbo, achana na picha. Speak & Spell ya 1981 iliyotoka Uingereza ina "I Sometimes Wish I Was Dead"; kwenye ile ya Marekani wimbo huo umetolewa na "Dreaming of Me" imetiwa. Black Celebration ya Marekani imeongezewa "But Not Tonight". Ya Ujerumani utaitambua kwa jina la kampuni ya Intercord. Na YMO (Yellow Magic Orchestra) angalia vizuri: albamu yao ya kwanza ilitoka Japani 1978 kwa lebo ya Alfa, halafu 1979 ikatoka Marekani sauti zake zikiwa zimechanganywa upya na fundi sauti Al Schmitt. Maandishi ya Kijapani peke yake hayatoshi, kwa sababu ule mchanganyo wa Marekani, wenye picha ya mwanamke mwenye nyaya kichwani, nao uliuzwa Japani.

Sasa kusoma kava. Itoe kwenye kasha, ikunjue yote, igeuze. Mwaka ulioandikwa pembeni ya alama ya ℗ ni wa rekodi kutolewa mara ya kwanza. Kaseti yenyewe inaweza kuwa imetengenezwa miaka kumi baadaye. Kwa nchi, tafuta chama cha haki za watunzi: SIAE ni Italia, GEMA Ujerumani, SACEM au SDRM Ufaransa, STEMRA Uholanzi, SGAE Uhispania, JASRAC Japani. Kaseti za EMI za miaka ya 70 zina namba inayoanza na nchi: 1C Ujerumani, 2C Ufaransa, 3C Italia, 5C Uholanzi, 10C Uhispania. Za kundi la PolyGram (Polydor imo) kuanzia miaka ya 80 namba huishia na -4 ikiwa ni kaseti, -1 santuri, -2 sidii.

Kwa mwaka, za Uhispania ndizo rahisi kuliko zote: zina "Depósito Legal", herufi ya mkoa (M Madrid, B Barcelona), namba, kisha mwaka. Iliyoandikwa "W. Germany" kwa kawaida ni ya kabla ya Oktoba 1990. Ya Kijapani ina bei ya yeni kwenye kava. Ikiwa na bei mbili, pamoja na kodi na bila kodi, basi ni ya baada ya Aprili 1989, walipoanza kutoza kodi ya asilimia 3. Mistari ya msimbo wa bidhaa (barcode) ilianza kuenea miaka ya 80, kwa hiyo The Man-Machine yenye mistari hiyo si ya 1978 hata muuzaji akiapa.

Halafu linganisha namba ya mgongo wa kava na namba iliyoko kwenye kaseti yenyewe. Watu hubadilishana makasha, na sanduku la nyumba yenye watoto huwa limechanganyika kabisa.

bint_shela (Lamu)

Msomakava kamaliza habari ya kava. Niongeze ya hiyo Tangerine Dream, maana Pwani hii zimejaa za namna hiyo, nyingi zikitoka Ghuba.

Kaseti ya kiwanda haitengenezwi kwa kununua C60 (kaseti tupu ya dakika 60) na kurekodi. Muziki hunakiliwa kwa kasi kubwa kwenye bobini nene la utepe, kisha utepe hukatwa na kujazwa kwenye ganda tupu kwa urefu wa albamu, basi. Die Mensch-Maschine ni kama dakika 36, kila upande 18. Kwa hiyo utepe ukiwa umezungushwa wote upande mmoja, bunda lake ni dogo. Ukiona bunda nene la dakika 60 au 90 kwa albamu ya dakika 36, aliyenakili alitumia kaseti ya kawaida. Na kwa kuwa mnunuzi hapendi ukimya, nafasi iliyobaki hujazwa nyimbo za albamu nyingine, wakati mwingine hata za msanii mwingine. Hiyo ndiyo upande B yako.

Lakini wimbo wa ziada pekee si ushahidi. Music for the Masses ya Depeche Mode, 1987, kaseti halali ina nyongeza kama "Agent Orange" ambazo santuri haina. Mpangilio wa nyimbo nao viwanda vilikuwa vikiubadilisha ili pande mbili zilingane, utepe usipotee bure. Kwa hiyo tazama vyote pamoja: herufi ndogo za kava zinasomeka au zimevimba? Namba iko mgongoni na kwenye kaseti? Vile vijiplastiki viwili vinavyovunjwa kuzuia kurekodi, juu ya mgongo wa kaseti, vipo? Kaseti ya kiwanda kwa kawaida haina. Vikiwepo vizima, hapo una sababu ya kushuku.

Mimi binafsi singeitupa hiyo nakala. Nakala za Ghuba, za Indonesia kabla ya 1988, za Poland kabla ya sheria yao ya hakimiliki ya 1994, zina wakusanyaji wake na kava zake hazipatikani kwingine. Ila ilipe bei ya nakala.

Ukipata nafasi ya kusikiliza pale pale, usishtuke ukisikia milio mifupi ya kupanda kabla ya wimbo wa kwanza. Kaseti za EMI na Capitol zenye alama ya XDR zilitiwa milio hiyo kiwandani, mwanzo na mwisho, kupimia ubora wa nakala.

fundi_kanda (Malindi)

Ile yenye pedi iliyobanduka usiicheze kabisa. Pedi ndiyo inayousukuma utepe ugusane na hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma utepe. Bila pedi sauti inakuwa kama mtu anaongea chini ya blanketi, na kipande kikiingia kwenye rola utepe unatafunwa.

Geuza kaseti uone kama ina skrubu tano. Ikiwa nazo, kazi ni ya dakika kumi. Ikiwa imeunganishwa kwa joto, kama nyingi za kiwanda, utahitaji ganda la msaada: nunua kaseti ya bei poa yenye skrubu tano, utoe utepe wake, ubaki na ganda, pedi, rola mbili na zile karatasi mbili laini za ndani.

Hapa wengi huharibu, sikiliza vizuri. Kaseti nyingi za kiwanda zilitumia utepe wa kromu (aina ya pili) lakini zikarekodiwa kwa kipimo cha kusawazisha sauti za juu cha kaseti ya kawaida, maikrosekunde 120. Ndiyo maana ganda lake halina zile tundu za kromu mgongoni. Ukiuhamishia utepe huo kwenye ganda la kromu lenye tundu, deki inayojitambulia yenyewe itahamia maikrosekunde 70 na sauti ya juu itafifia. Utalaumu utepe bure. Ganda la msaada liwe la kaseti ya kawaida, aina ya kwanza.

Kufungua: zungusha utepe wote upande mmoja kwa kalamu. Laza kaseti mezani juu ya kitambaa, weka wembe wa kisu chembamba kwenye mshono wa mgongo, kona ya juu, gonga kidogo kwa mpini wa bisibisi hadi usikie "tak". Nenda kona ya pili, kisha pembeni. Usianze upande ulio wazi, kule utepe unakopita; plastiki ikivunjika inaukata. Ukishaachia, inua nusu ya juu wima, usiipindue, maana karatasi laini hunata juu na kuvuta utepe. Piga picha ya njia ya utepe kabla ya kugusa kitu.

Kisha hamisha: karatasi laini chini, rola kwenye vijiti vyake, vigurudumu viwili pamoja na utepe vikiwa vimeshikwa kwa vidole vya mikono yote miwili, pedi na kale kachuma kake nyuma yake, utepe mbele ya pedi, karatasi ya juu, ganda la juu. Upande wa utepe wenye unga wa sumaku hutazama nje, kwenye hedi. Skrubu za kona kwanza, kwa kukingamisha, ya katikati mwisho. Usikaze sana: ganda likibana, vigurudumu vinakwama na mota inalia.

Utepe mweupe wa mwanzo ukiwa umeachana na utepe wa muziki, gundi ya kiwandani imekauka. Unganisha kwa gundi-tepu maalumu ya kuunganishia kaseti, upana wa milimita 3.81, upande wa nyuma wa utepe, ncha zikutane bila kupandana. Selotepu ya dukani usiitie. Kwa joto letu gundi yake hutoka pembeni na kunasa mzunguko wa pili.

mwana_langoni (Lamu)

Mashallah, ahsanteni sana. Fundi, na ule weupe? Nikaufute tu? Na swali la mwisho: nina kicheza-kaseti kipya cha mkononi, hakina kitufe cha Dolby (ule mfumo wa kupunguza kelele za utepe), na kava nyingi zimeandikwa Dolby. Je, nitasikia vibaya?

bint_shela (Lamu)

Kaka, ule weupe ni ukungu, usiuchezeshe. Ukicheza kaseti moja yenye ukungu, mbegu zake zinabaki kwenye hedi na rola, na kaseti inayofuata inaambukizwa. Zitenge pale pale Malindi kwenye mfuko wake wa plastiki, zisichanganywe na nyingine hata ndani ya gari.

Nyumbani zikaushe kwanza, kwenye chombo chenye silika jeli, hadi ukungu uwe unga mkavu. Ukungu mbichi ukiuswaki unajipaka tu. Kisha nje ya nyumba, barakoa usoni, fungua ganda kama fundi alivyosema, piga brashi laini kingo za bunda. Ganda la zamani lioshe kwa sabuni likauke, au litupe na uweke la msaada. Halafu pitisha utepe wote, kwenda na kurudi, kwenye kaseti-deki mbovu ambayo huijali, ukishika kitambaa kikavu kisicho na nyuzi kikigusa utepe kidogo. Ukimaliza safisha deki hiyo kabla ya kitu kingine.

Kusafisha hedi tumia isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya hospitali nyingine hutiwa mafuta, nayo huacha utelezi kwenye rola ya mpira.

Kuhusu hewa: hapa unyevu mara nyingi unapita asilimia 70, na utepe unataka 40 hadi 50. Huwezi kukausha chumba, kausha sanduku. Chukua chombo cha plastiki cha lita 20 chenye mfuniko wa mpira na komeo. Hewa iliyomo ndani, hata ikiwa na unyevu wa asilimia 80, ina chini ya nusu gramu ya maji, kwa hiyo si hewa inayokusumbua. Maji yamo kwenye karatasi za kava, na yanaingia kila ukifungua. Gramu 200 za silika jeli ya rangi zinatosha kuanzia. Hunyonya kama sehemu ya tano ya uzito wake. Ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba: iweke kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili hivi, itarudi. Mchele usiweke, una vumbi na wadudu. Weka kipima unyevu kidogo ndani; kikishuka chini ya 30 punguza silika, utepe mkavu mno nao unavuta umeme na vumbi.

Kaseti zisimame kwa ubavu, utepe ukiwa umezungushwa wote upande mmoja kwa mwendo wa kucheza, si wa kasi. Joto likizidi na utepe ni mwembamba, sauti ya mzunguko mmoja huchapa kwenye wa jirani, unasikia wimbo kwa mbali kabla haujaanza.

Na safari: kaseti na kasha lake ni kama gramu 80, sitini ni karibu kilo tano, unazibeba mwenyewe. Ndani ya basi, miguuni mwako, si kwenye buti wala juu ya keria. Gatini Mokowe, mnapopanda boti kuvuka Lamu, funga mfuko wa plastiki mara mbili. Chumvi ikiingia kwenye ganda, kale kachuma ka pedi kanashika kutu.

fundi_kanda (Malindi)

Dada kasema kweli, ila usiwe mwepesi wa kulaumu ukungu kwa kila sauti iliyofifia. Mara nyingi ni pembe ya hedi, yaani jinsi ilivyokaa dhidi ya utepe.

Hilo ndilo jibu la Dolby pia. Dolby B hupandisha sauti ndogo za juu wakati wa kurekodi, na deki yenye Dolby huzishusha tena pamoja na ule mlio wa "shiii" wa utepe. Kicheza chako hakina, kwa hiyo kaseti ya Dolby itasikika kali kidogo juu. Punguza trebo, imekwisha. Vicheza vipya karibu vyote havina. Kinachoharibu zaidi ni kuwasha Dolby kwenye deki ambayo hedi yake ni chafu au imeinama: sauti ya juu imeshapotea, Dolby inaikata tena, unabaki na besi tupu. Watu husema "Dolby mbaya" kumbe hedi.

Ukipata deki nzuri, safisha kwanza. Kisha tafuta skrubu ndogo yenye springi ubavuni mwa hedi. Itie alama kwa kalamu ilipokuwa. Cheza kaseti yenye matoazi au sauti kali za juu (Oxygène inafaa), weka mono, geuza sehemu ya nane ya mzunguko kila mara hadi sauti ya juu iwe wazi kabisa, kisha iache. Kaseti za viwanda mbalimbali hazilingani pembe, kwa hiyo ya Italia ikiwa sawa na ya Japani ikafifia, si kwamba umekosea. Atakayetaka zote ziwe sawa atageuza tena.

Na kasi: kaseti inakwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Ukipata kaseti ya kupimia yenye mlio wa hezi 3000, programu ya simu ya kupima masafa itakuonyesha. Ikisoma 3060 deki yako inakimbia asilimia mbili, na muziki wa sinthesaiza kasoro hiyo huifichua haraka kuliko taarab. Kuna tundu dogo mgongoni mwa mota nyingi, ndani yake kiskrubu cha kurekebishia. Ikiwa kasi inapanda na kushuka yenyewe, hapo ni belti imelegea au imeyeyuka, usiguse mota.

msomakava (Malindi)

Bwana mwana_langoni, kabla hujamlipa huyo Mtaliano: fungua kila kasha, si hayo unayoyajua tu. Andika kwenye daftari namba ya mgongo, namba ya kaseti na chama cha haki, kila moja mstari wake. Zisizolingana weka kando, jaribu kuzipatanisha humohumo sandukuni kabla hujasema ni pungufu. Kasha lililopasuka lisikupunguzie moyo, hayo hubadilishwa. Kava iliyoloa maji haina dawa, hiyo ndiyo ya kuombea punguzo.

Na ile Die Mensch-Maschine, ikiwa ni 1C na kaseti iliyomo ndani ni ya Kijerumani kweli, mimi ningelipia sanduku kwa ajili yake na YMO. Hizo nyingine ni ziada.